Mhariri, tulidai ardhi yetu mpaka Umoja wa Mataifa, mbona mjane wa Kilimanjaro bado anatolewa kihambani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua ni ndefu na ukurasa wa maoni mnaubana, lakini hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na naona tukiendelea kunyamaza na sisi tunakuwa sehemu ya dhuluma.

Mimi ni mama, nauza mitumba pale Memorial hapa Moshi, nakaa Njoro, kwetu ni juu huko Kibosho. Sokoni kila siku tunabishana habari za nchi na kauli ninayoisikia sana ni kwamba mambo ya wanawake kuonewa yameisha, ni ya zamani, siku hizi mpaka Rais ni mwanamke tangu 2021, majaji wanawake wapo, mabinti wamejaa vyuoni, sasa mnataka nini tena. Hayo yote ni kweli na nayafurahia sana, wala mtu asiseme mimi ni wa kulalamika tu. Ila maisha ya mwanamke wa kwetu hayaamuliwi bungeni peke yake, yanaamuliwa kwenye kikao cha ukoo siku mbili tatu baada ya mazishi, kaburi halijakauka, na huko ndiko nataka tuangalie leo.

Kuna msiba nilikuwepo mwenyewe, mume wa jirani yetu wa kijijini alifariki. Kikao kilikaa nyuma ya nyumba, mabenchi yameazimwa kanisani, wanaume wamekaa duara chini ya migomba, mbege inazunguka kwenye kibuyu. Mjane alikuwa jikoni na sisi wengine tunamenya ndizi za machalari ya wajumbe, yaani watu wanaojadili nyumba yake wanasubiri chakula kutoka mikononi mwake na hakuna aliyeona ajabu. Aliitwa mwishoni kabisa. Alisimama pembeni, kanga imefungwa kiunoni, vidole vimeshika weusi wa utomvu wa ndizi, akaambiwa ukoo umekaa, umemteua mdogo wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, njoo usaini. Mwandishi alikuwa na kaunta buku la mistari, mjane alipoinama ili asome yule mwandishi akaweka kiganja juu ya maandishi akamwonyesha sehemu ya sahihi tu, akamwambia, "Mama we weka hapa, mengine ni ya kawaida." Akaweka. Shemeji yake mkubwa akamwambia aika mae, yaani asante mama kwa Kichaga, na kikao kikafungwa kwa sala.

Hayo mengine ya kawaida yalikuwa kwamba kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, ni cha ukoo, mjane atakaa "kwa hisani ya ukoo" mpaka itakavyoamuliwa vinginevyo, na mabinti wawili hawakutajwa kabisa. Haikupita muda mrefu ikaamuliwa vinginevyo. Kahawa ya msimu ikavunwa na msimamizi, kipande cha chini kikapimwa akapewa mtu wa kujenga, na mama wa watu ambaye amekaa pale zaidi ya miaka ishirini, aliyepanda ile migomba kwa mkono wake, aliyepandisha majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare mpaka kisogo kikaota upara, akaambiwa arudi kwao. Kwao wapi? Kwao kaka zake walishagawana zamani na yeye hakuwekewa hata hatua moja.

Naomba wasomaji wasichukulie hii kama ugomvi wa familia moja. Ukikaa kwenye biashara ya wanawake kama mimi unasikia hadithi hizi kila wiki, Rombo, Machame, Uru, Arumeru, majina yanabadilika tu. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba haya yanafanyika kwetu, kwenye mikoa hii miwili ya Kilimanjaro na Arusha ambayo kama kuna watu wanajua kunyang'anywa ardhi ni nini basi ni sisi.

Vijana wengi hawaijui habari ya Wameru wa Engare Nanyuki kule Arumeru, wacha niiseme. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwatoa watu wapatao 3,000 kwenye ardhi yao, mashamba yaliyoandikwa namba 31 na 328, ili wapewe walowezi wa kizungu wafuge. Nyumba zilichomwa. Walipangiwa kwenda Kingori na wakaambiwa kila kitu kimefuata utaratibu, karatasi zipo. Wameru wakakataa, wakachangishana, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kusimama pale, na wakili aliyewasaidia, Earle Seaton, alikuwa mtu wa Bermuda aliyekuwa anafanya kazi hapa hapa Moshi. Ardhi haikurudi siku ile, lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchini kuwaeleza watu, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa ikikuta watu wameshaamka. Sasa mimi nauliza, wajukuu wa watu hao wanawezaje kukaa chini ya mgomba na kumtoa mwanamke kwenye nyumba yake halafu wakamwambia utaratibu umefuatwa, karatasi ipo, umesaini mwenyewe? Hata sisi Wachaga kila tarehe 2 Machi Mangi Meli, mtawala wetu wa zamani, anakumbukwa kule Old Moshi, Wajerumani walimnyonga 1900 pamoja na wenzake, na mpaka leo familia inatafuta kichwa chake huko Ujerumani. Ni haki kabisa kukidai. Lakini haki tunayoidai kwa mgeni tuitoe na sisi nyumbani.

Kuna wanaosema hii ndiyo mila na sheria inaheshimu mila. Jamani hapana. Mimi siyo mwanasheria lakini tangu ule msiba nimekaa na wasaidizi wa kisheria nikauliza mpaka nikachosha watu, na niliyoyajua nataka kila mama ayajue. Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, ibara ya 13, na kila mtu ana haki ya kumiliki mali, ibara ya 24, haikusema kila mwanaume. Mwaka 1999 zikatungwa sheria mbili za ardhi, namba 4 na namba 5, zote zimeandika haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume, na ile namba 5 ya ardhi ya vijiji kifungu cha 20 kinasema wazi mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Haina nguvu! Miaka yote hii tunatishwa na kitu ambacho sheria ilishakivua meno.

Na kabla ya hapo kulikuwa na mama mmoja wa Kagera, Holaria Pastory, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza, mtoto wa kaka yake akamshtaki kwamba mwanamke wa Kihaya hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, akasema mila hiyo inapingana na haki zilizoingia kwenye Katiba 1984 na akampa mama haki yake. Kuna na Bi Hawa Mohamed, kesi ya 1983, Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ile ilikuwa talaka siyo kifo, najua, ila nikisikia mjane anaambiwa "hukuja na kitu hapa" huwa namkumbuka huyo Bi Hawa. Kupika, kufua, kulea, kukata majani, kubeba mbolea kwenye migomba, kuuza ndizi na maziwa ili watoto wapate ada, hicho siyo kitu? Kahawa ilikuwa ya baba, kitabu cha chama cha msingi cha ushirika kina jina la baba, lakini nani alikuwa anaichuma na kuianika?

Lakini nisidanganye watu kwamba sheria zote zimenyooka. Kuna tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963, la sheria za mila, bado lipo kwenye vitabu mpaka leo. Linagawa warithi madaraja matatu, mtoto wa kiume wa kwanza juu, wavulana wengine katikati, mabinti daraja la mwisho, na mjane halimpi fungu kabisa kama marehemu ana ndugu wa ukoo wake, eti fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga walifukuzwa na ndugu wa waume zao kwa mila hizo wakaenda mahakamani kulipinga. Mahakama Kuu 2006 ikakubali kwamba ni ubaguzi ila ikasema haiwezi kuifuta, Mahakama ya Rufani 2010 ikaitupa rufaa kwa kasoro ya kwenye hati, siyo kwa sababu hawana haki. Wakaenda mbele mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao na ikaitaka serikali irekebishe sheria. Wanawake wawili wajane wamefika kule kule alikofika Kirilo Japhet, na lile tangazo bado halijafutwa. Bunge linapitisha miswada mingi kila mwaka, hili linangoja nini? Waheshimiwa wabunge wetu wa Kilimanjaro na Arusha, hasa nyinyi kina mama wa viti maalum, tunaomba mlishike hili mpaka liishe.

Sasa nije kwenye hoja ambayo wazee wanaitoa kila mara na nakiri ina uchungu ndani yake: mwanamke akirithi kihamba akaolewa, ardhi ya ukoo inaenda ukoo mwingine, makaburi ya wazee yanabaki kwa wageni. Naelewa. Kihamba siyo shamba tu, ndiko waliko wazee wetu, ndiko tunakorudi Krismasi wote hata aliyeko Mwanza au Dar. Lakini semeni ukweli wazee wangu, nani anauza vihamba leo? Ni vijana wa kiume. Kijana amepewa kipande, ana madeni, au anataka mtaji wa bodaboda, anakata anauza kwa mtu kutoka mbali kabisa na ukoo unakuja kujua ukuta umeshapanda. Hatujasikia kikao kikimnyang'anya huyo. Na kwa mila yetu yenyewe kihamba kilienda kwa mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho, wa katikati waliambiwa wakatafute, ndiyo maana Mchaga yuko kila mji na duka, kwa hiyo hata mila ilikuwa inabadilika kulingana na uhaba wa ardhi, haijawahi kuwa kitu kilichosimama. Wapo wazee, na mimi nawajua, wanaomkatia binti yake sehemu akiwa hai anamwambia mbele ya kaka zake hapa ni pako, ukiolewa ukiachika ukikosa mume hapa ni pako, na panda masale, ile mimea yetu ya kuonyesha mpaka, kila mtu aone. Mbingu haijaanguka kwa wazee hao. Familia zao ndizo zinazokaa kwa amani.

Hoja nyingine ni ya mawifi, kwamba wanawake ndio wanaokandamizana. Hii nataka tuikalie kidogo kwa sababu ni kweli na inasemwa vibaya. Kwenye msiba ule aliyekuwa mkali kuliko wote alikuwa wifi, dada wa marehemu, ndiye aliyesema mjane amekuja na sanduku na ataondoka na sanduku. Nilimchukia siku ile. Baadaye nikamfikiria, yeye ameolewa Marangu, mume mlevi, na kama ndoa ile ikimshinda hana pa kwenda isipokuwa kwa kaka zake, na kaka zake hawadaiwi kumpa kitu, watampa kwa hisani. Kwa hiyo lazima awe upande wa kaka, awalindie ardhi, awaonyeshe ni mtu wao, maana ndiyo bima pekee aliyonayo. Yule wifi na yule mjane wote wananyimwa kitu kile kile, mmoja kwa baba yake na mwingine kwa mume wake, halafu wanagombania kona ya kusimama. Siku mabinti wakirithi kwa baba zao kama kaka zao, mawifi hawatakuwa na sababu ya kumwonea mke wa kaka. Hiyo ndiyo sababu nasema ishu ya mjane na ishu ya binti haziwezi kutenganishwa, na wanaotaka kumhurumia mjane peke yake huku binti hana kitu wanaacha mzizi.

Hapa Njoro ninapokaa ndipo alipozaliwa Lucy Lameck, 1934. Alisomea unesi, akafanya kazi ya ukatibu KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, akaingia TANU, akawa mbunge na mwanamke wa kwanza wa nchi hii kuwa naibu waziri. Nimewauliza mabinti wanaopita dukani kwangu, wengi wanamjua kama jina tu. Mwanamke wa Kichaga miaka ya 1960 alikuwa anakaa meza moja na mawaziri, halafu leo mwanamke wa Kichaga anakaa jikoni wakati nyumba yake inagawanywa. Mnaosema mambo yameisha hamuoni hilo pengo?

Kwa kina mama wenzangu nataka niseme machache ya kufanya maana hasira peke yake haileti nyumba. Msimamizi wa mirathi siyo mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudisha hesabu mahakamani, basi, hana ruhusa ya kujipa. Anayemteua ni mahakama, ukoo unapendekeza tu, na wewe mjane unaweza kwenda mwenyewe mahakama ya mwanzo ukaomba kuwa msimamizi, au ukaweka pingamizi kama aliyependekezwa humwamini, na hata kama ameshateuliwa na anatapanya mali unaweza kuomba uteuzi wake utenguliwe. Jirani yetu amefanya hivyo, kesi inaendelea, tunapanda naye daladala tunakwenda kina mama wanne watano tunakaa nyuma kimya ili aone hayuko peke yake, na nimeona hata sauti yake akijibu maswali imebadilika. Hapa Moshi kuna shirika la KWIECO wanasaidia wanawake mambo ya kisheria miaka mingi, na tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanaosajiliwa wapo mpaka vijijini, muulizeni mtendaji. Halafu wakati waume wapo hai: hati ya kimila ya kihamba iandikwe majina yote mawili, wosia uandikwe na mashahidi wawepo, na mjue nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yako, kifungu cha 59 cha sheria ya ndoa ya 1971. Mume mzuri hawezi kukasirika. Akikasirika hapo umeshajua jambo.

Waislamu wenzetu wana fungu la mjane linalojulikana, akiwa na watoto ni thumni, yaani sehemu moja ya nane, lakini nimesikia hata hilo likirukwa na vikao kwa kisingizio cha ukoo, kwa hiyo masheikh nao tunawaomba wasimamie. Na wachungaji na mapadre wetu, nyinyi mnakuwepo tangu sala ya kwanza mpaka kuvunja matanga, watu wanawaogopa kuliko mahakama, mkisema neno moja tu kwenye mahubiri ya mazishi kwamba mjane huyu asiguswe, litasikika. Kwenye mabaraza ya ardhi ya vijiji sheria inataka wajumbe saba na watatu wawe wanawake. Hao watatu wapo, nimewaona, wengine hawafungui mdomo mwanzo wa kikao mpaka mwisho kwa sababu mwenyekiti ni baba mkwe au shemeji. Mama zangu, mliwekwa pale kwa ajili ya siku kama hizi.

Najua kuna watakaosema huyu mama anachochea wanawake, anavunja koo. Mimi naupenda ukoo wangu, nimelia nao machozi mengi, na nataka wanangu waujue. Ndiyo maana naandika. Wazee wa koo mnaosoma gazeti hili, kikao kijacho mjane awekewe kiti ndani ya duara tangu mwanzo, mabinti waitwe na wao, chakula kipikwe na majirani, na muhtasari usomwe kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho kabla mtu yeyote hajaweka sahihi. Hilo halihitaji bunge wala bajeti, mnaweza kulianza kwenye msiba wa wiki hii.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa Njoro, Moshi